Uzi wa Kupimia

Tangu Januari hatujalala pamoja.
Si ugomvi, jirani, usinipe pole:
tanuri halizimwi.
Likizimwa, chungu cha kuyeyushia hupasuka,
na chungu hicho tulikinunua kwa bei ya ng'ombe wawili.
Basi Ondiek hulala jioni hadi saa saba,
mimi saa saba hadi jogoo wa Nyalenda,
na kitanda chetu, maskini,
hakijui baridi.

Mchana tunakutana motoni.
Yeye bomba, mimi koleo.
Anachota ile asali ya moto, anaizungusha,
anapuliza, mashavu kama chura wa Dunga,
nami nasema: bado. Nasema: kushoto. Nasema: tosha.
Hayo ndiyo mazungumzo yetu.
Ukimsikia mke wa mtu akisema "tosha"
mara arobaini kwa siku,
usidhani ni mchoyo.

Chupa tunazipata Kibuye, kwa kilo:
za bia, kahawia,
za divai, kijani, zilizobaki kwenye harusi za wakubwa.
Na vioo vya madirisha tulivifagia Kondele
asubuhi ile barabara nzima ilipomeremeta
na hakuna aliyetaka kueleza kwa nini.

Lakini kioo na kioo si ndugu.
Cha chupa kina mwendo wake wa kupoa,
cha dirisha kina wake.
Viyeyushe pamoja: vitakuchekea motoni,
vitang'aa, utavipenda, utaviweka rafuni,
na usiku wa tatu, pasipo mkono kuvigusa,
utasikia: ta!

Ndiyo maana kuna uzi wa kupimia.
Unagandisha vipande viwili, ubavu kwa ubavu,
unavipasha, unavivuta
hadi viwe uzi mwembamba kama unywele.
Ukinyooka, vinapatana.
Ukipinda kama ukucha wa paka,
achana navyo.

Mama yangu kule Mbale hakuhitaji uzi.
Alimtazama Ondiek mara moja, mlango ungali wazi,
akasema kwa Kilogoli neno ambalo
sijamtafsiria mume wangu hadi leo.
Shangazi yake wa Seme naye aliniuliza, kwa upole kabisa,
kama kwetu tunamjua samaki
au tunamjua kuku tu.

Juzi stima ilipotea saa tano usiku.
Feni ikanyamaza.
Moto ukashuka: mweupe, manjano, mwekundu,
kisha ule wekundu wa kidonda kikavu.
Sikumwita kwa jina. Niligonga bomba sakafuni mara tatu
akaja, shuka kiunoni,
akapanda baiskeli tuliyoifunga mkanda kwenye feni
akakanyaga
kama mtu anayefukuzwa na deni
(na deni lipo, la bati na la karo).
Akichoka, nikapanda mimi.
Nikichoka, akapanda yeye.
Hatukusemezana. Mvua ilipita juu ya bati ikaenda zake Kajulu.
Jasho lake lilikuwa bado kwenye kiti kila nilipokaa.

Saa nane taa ikawaka, feni ikaanza kuguruma yenyewe.
Mkanda ulikuwa umechomoka.
Yeye akaendelea kukanyaga, macho yamefumba,
magurudumu matupu, safari ya mahali popote,
nami nikaketi juu ya gunia la chupa nikimtazama
na sikumwambia.

Kulipokucha ndipo nilikumbuka kitanda.
Nilikigusa. Kilikuwa baridi,
baridi kama cha wageni,
nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikachukua kipande cha Kibuye na kipande cha Kondele,
nikavipasha, nikavuta.
Uzi ulipinda. Kidogo tu,
kama mtu anayegeuka kuangalia nani kamwita.
Nimeubandika ukutani kando ya kalenda
na siku zote mbili zilizopita bado ni mzima.

Ondiek anasema uzi umenyooka.
Anasema kilichopinda ni ukuta.