Mkono wa Desolina

Kazi yangu ni neno moja: usiguse.
Mwaka wa kumi na tisa sasa, chumba cha saba,
kiti cha mbao kinachoijua mifupa yangu,
na mbele yangu Bikira mwenye joho la buluu
ambaye mchoraji wake hana jina,
ana alama ya kuuliza tu kwenye kibao.

Watalii huingia na mvua mabegani.
Husoma kibao kwanza, ndipo watazame picha,
kama mtu anayeuliza bei kabla ya kuona njaa.
Mtoto akinyoosha kidole, nakohoa.
Mzee akisogeza pua, nakohoa.
Nimekohoa hata daktari ameniandikia dawa.

Saa kumi na mbili nafunga, nashika njia.
Bologna ni mji wa vibaraza; unaweza kutembea
toka kituo cha treni hadi kwa mshona viatu
na mwavuli wako usijue kama mvua ilinyesha.
Matofali mekundu, nguzo, tena nguzo,
na juu ya plasta kila mtu na la moyoni:
"Ginevra, nisamehe." "Kodi ya nyumba ni wizi."
Joka la kijani linalomeza dirisha la benki.
Nyani aliyevaa joho la hakimu.
Picha zisizo na bima wala king'ora.

Ndipo nikamkuta Desolina.

Tulimzika Februari. Alikuwa akikunja tortelini
dirishani papo hapo, jirani na Gualtiero fundi baisikeli,
akizizungushia kidole cha mwisho, moja, moja,
kama anayewavisha pete maharusi elfu.
Sasa amechorwa mzima ukutani, aproni na yote,
miwani imeteleza puani, unga kwenye nyusi,
na mkono wa kulia umewanyookea wapitao.
Mchoraji hakutia sahihi.
Wanasema ni yule kijana wa kina Zaniboni,
aliyekuwa akila kwa mkopo.

Na watu wanamgusa.
Mama mwenye kikapu cha mboga, kiganja kwa kiganja.
Wanafunzi wa udaktari, asubuhi ya mtihani.
Gualtiero, mikono ya grisi, kila anapofunga duka:
haangalii, anagusa tu, kama anayezima taa.
Chovya chovya humaliza buyu la asali;
kufikia Pasaka vidole vilikwisha kupauka.
Koo likaniwasha. Nikakohoa.
Hakuna aliyegeuka.

Nilisimama hadi njia ikabaki na mimi peke yangu.
Mkono mtupu haulambwi, alizoea kutuambia
tulipokuwa wadogo, akitutia tortelini mbichi kinywani.
Nikauweka wangu juu ya wake.
Plasta ilikwaruza. Ilikuwa baridi.
Miaka kumi na tisa na picha,
sikuwahi kujua kwamba ni baridi.

Jumatatu akaja Ivano wa manispaa,
amri mfukoni, ndoo ya rangi ya maziwa.
Ikaenda aproni. Ikaenda miwani, na unga wa nyusi.
Sisi tumepanga mstari kibarazani, hatusemi,
kama watu wanaosubiri jeneza litoke.
Akafika kwenye kifundo cha mkono, akasita.
Akaitazama ndoo kwa muda mrefu.
"Rangi imeisha," akasema.
Gualtiero akainama, akaiona ilivyo nusu,
akafuta mikono kwenye suruali.
"Kweli," akasema, "imeisha."

Leo, chumba cha saba, msichana mwenye begi la shule
kidole chake kipo unywele mmoja toka joho la buluu.
Nakohoa.
Anashtuka, anaurudisha mkono mfukoni, anakuwa mwekundu.
"Usiguse," namwambia, kwa kuwa ndiyo kazi yangu,
kwa kuwa Bikira ana miaka mia sita na ngozi yake ni nyepesi.
Kisha nainama, kwa sauti ya chini:
ukitoka hapa shika kushoto,
pita nyani, pita joka,
uliza kwa fundi baisikeli.