Jasho la Pijo

Pijo langu ni la KUR, rangi ya chai iliyosahaulika mezani.
Halikuzaliwa na kiyoyozi. Lilizaliwa na dirisha
na mkono wa kulizungushia,
na dirisha lenyewe, Februari, Barabara ya Jogoo,
ukilishusha upana wa kiganja
simu imepata mwenyewe mpya.

Nina miaka hamsini na miwili.
Nina joto la mji, na nina joto langu,
lile linaloanzia kifuani bila hodi
chaki ikiwa mkononi,
hadi Kidato cha Tatu wanashusha sauti
na msichana wa mbele anaenda kufungua dirisha
bila kuambiwa. Sikumshukuru. Niliona haya.

Kaka yangu Ombati alisema, Uza hilo chuma,
nunua kagari ka Japani, kanakuja na baridi yake.
Nikaitikia sawa.
Jumamosi nikaenda Kirinyaga Road kutafuta kompresa.

Ilitoka kwenye Subaru iliyokunjwa pua.
Muuzaji akaizungusha kwa kidole, akasikiliza,
akauliza, Fundi wako yuko wapi, mama?
Nikamwonyesha kucha zangu.

Kikalio chake kilichomelewa Kariobangi, mara mbili.
Cha kwanza kilikaa kombo, unene wa sarafu tu,
na mkanda ukalia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani.
Cha pili nilikipima kwa uzi wa kushonea,
puli hadi puli,
huku jirani yangu Kyengo amesimama na kikombe
akiisomea injini yangu matanga.

Nilipong'oa kabati la dashibodi
kupata nafasi ya mabomba, nikakuta
stakabadhi ya petroli ya Nakuru.
Wino umefifia. Lita thelathini.
Nilikuwa na nani?
Nikaifuta spana nayo.

Kabla ya gesi, utupu.
Pampu niliazima kwa Awinja, anayetengeneza friji za mabucha.
Akasema: Nyonya hewa yote, funga, ulale.
Sindano ikitulia hadi asubuhi, umeshinda.

Haikutulia.

Nikapaka povu la sabuni kila kiungo, nimepiga magoti,
na nyuma ya betri povu moja likavimba, taratibu,
kama jicho la chura.
Mpira wa shilingi thelathini.
Niliupachika mkavu, bila tone la mafuta, mimi
ninayewakata watoto alama kwa kuruka hatua.

Baridi si kitu, huwaambia. Hakuna aliyewahi kuitengeneza.
Lipo joto tu, linabebwa hapa, linatupwa pale.
Miaka ishirini na sita nimeyasema hayo
kama mtu anayetaja anwani ya nyumba
asiyowahi kuingia.

Jumamosi ya sita nikabonyeza swichi.
Injini ikainamisha kichwa, punda aliyeongezewa gunia.
Nikaipa skrubu robo mzunguko. Ikainuka.
Upepo ukaja na vumbi, kisha na harufu ya panya,
kisha vuguvugu,
kisha nikanyamaza.

Jumatatu, karibu na uwanja wa City, magari yamegandana,
vioo juu. Lile langu likapanda kifuani, bila hodi,
likakutana na upepo penye mfupa wa bega.
Halikushindwa. Lilipita tu,
mgeni aliyekuta watu wanakula na hakukaribishwa.
Mbele ya bampa mvuta mkokoteni alikuwa akipigwa miguuni
na joto nililolitupa. Nikasema pole
ndani ya kioo. Hakusikia.

Langoni mwa shule, Lokwang wa ulinzi akainama.
Mwalimu, gari linavuja.
Tone. Tone.
Nikagusa, nikamwonyesha kidole: maji matupu.
Ni jasho, nikamwambia.
Lake au lako?
Leo, lake.

Akaenda akarudi na kopo la rangi,
akalitega chini ya Pijo,
maana mifereji ilikuwa mikavu tangu Alhamisi.