Dakika Tatu

Baraza la mji hutupimia dakika tatu kila mtu,
kwa saa ya kuchemshia mayai.
Wanda Pietrowski alizimaliza mbili akipambana na kipaza sauti,
ya tatu akauliza:
duka la misumari la Lindqvist mlilivunjia nini?

Meya akautazama mchoro ukutani:
ghorofa sita, miti ya rangi za maji,
watu wembamba wanakunywa kahawa, hawana vivuli.

Nje, shimo linaingia mwaka wa tatu.
Bata wamehamia.
Kilichokamilika ni mita za maegesho;
tunalipa kuegesha kando ya shimo.

Saa ikalia. "Asante kwa maoni."
Wanda hakuketi.
Akatoa mkobani msumari wa mwisho alionunua kwa Lindqvist,
akausimamisha mezani kwa kichwa,
ncha juu.