Zipu ya Taisto

Nilitaka ile ya kujificha,
isiyoonekana hata ukiitafuta,
mshono unaofumba mdomo na kukana kuwa na meno.
Nimeitia kwenye magauni ya harusi,
kwenye sketi ya jaji mmoja mkali,
na kila mara nikajisifu: hakuna atakayejua.

Duka la Bi Tellervo, hapa Tampere, lina upana wa kitanda.
Droo mpaka darini, na kila droo
imebandikwa kipande cha zipu badala ya jina.
Nje, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
na hizo si nyuzi za kushonea.

"Ya nani?" akauliza.
Koti la sufu, nikasema, la kijivu, sentimita sabini.
"Sikuuliza ya nini."

Ya baba.
Fundi wa mitambo ya kufuma, miaka thelathini na minane,
mpaka kiwanda kikageuzwa mikahawa.
Mkono uliodaka uzi uliokatika bila kuzima mashine
sasa humwaga kahawa kabla kikombe hakijafika mdomoni.

Akavuta droo.
Ya shaba: nzito, inajua kusimama wima kwenye jinzi,
lakini Januari itamng'ata kidevu.
Ya nailoni: pole, inafuata kitambaa kokote kipindapo,
lakini sufu ina manyoya, na meno yale madogo
yatayala mpaka kichwa kikwame njiani.
Ya plastiki, meno manene kama ya mtoto wa miaka miwili:
akaiweka mezani, akaiacha hapo.

Kisha akanishika kidole, akanipeleka chini kabisa,
pale kijiti kinapotakiwa kuingia kwenye kijumba chake.
"Atashindwa hapa. Watu wote huangalia juu."

Nikamwona ukumbini, amenipa mgongo,
analitukana koti kwa sauti ya chini,
nami na funguo za gari mkononi
nasoma kalenda ya mwaka jana.

Basi tukachukua iliyofungwa chini, ya kuishia kifuani;
koti lipitie kichwani.
Na pete ya kuvutia, pana, inayomeza dole gumba.
Chanda chema huvikwa pete;
kitetemekacho, je?

Nilipiga bandi mara mbili, nikafumua mara mbili.
Sufu ilinyooka kuliko zipu; ikafanya mawimbi.
Mara ya tatu sikuivuta. Niliiacha ilale inavyotaka.

Jumapili kichwa chake kilitokeza shingoni mwa koti,
mvi zimesimama.
Kidole kikaitafuta pete. Kikaikosa.
Kikaikosa.
Kikaingia.

Akapandisha. Akashusha. Akapandisha tena,
polepole, akisikiliza kila jino,
kama asikilizavyo mtambo uliotoka kutiwa mafuta.

"Zipu gani hii," akasema,
"inaonekana mpaka ng'ambo ya ziwa."

Sikukana.