Koo la Kushoto

Fundi Bhogal alichomeka kipimo cha shaba mdomoni mwa bunduki
kama daktari wa meno, akakizungusha, akanyamaza.
Duka lake liko nyuma ya soko la Nakuru,
ngazi tatu chini, harufu ya mafuta ya taa na tangawizi.
"Kasiba ya kulia," akasema, "iko wazi, haina neno.
Ya kushoto imebanwa koo. Walioitengeneza
hawakujua marisau mengine ila ya risasi."

Nikacheka. Marisau ya risasi!
Kwetu neno ni moja: risasi ndiyo madini,
risasi ndiyo hiyo inayotoka.
Sasa klabu imeandika ubaoni kwa chaki:
KUANZIA MWEZI HUU, RISASI ZA CHUMA TU.
Hebu nieleze, risasi ya chuma ni kitu gani?
Si sawa na kusema maziwa ya mawe?

"Risasi ni laini," Bhogal akaniambia,
"ikifika penye wembamba hujiminya, hupita ikiomba radhi.
Chuma hakiombi.
Kitapita kilivyo, na koo ndilo litakalovimba."
Akagonga mtutu kwa ukucha. Ukalia, ting,
sauti ya kikombe kisicho na ufa.
"Nikupanulie? Elfu kumi na nne."

Nikakitazama kitako,
kilichong'arishwa na shavu la mwenye shamba,
na baadaye, miaka thelathini, na kitambaa cha baba yangu
aliyeachiwa bunduki badala ya kiinua mgongo.
"Usiguse," nikasema.

Baba alikuwa mtu wa mtambo, kule Njoro.
Alikaa shimoni nyuma ya magunia ya mchanga;
mtu akipaza sauti "Vuta!" yeye huvuta kamba,
kisahani cha udongo kikaruka juu ya shayiri.
Miaka yote hiyo bunduki zilikuwa kushoto kwake.
Sikio hilo likaenda. Hakuna aliyeliandika popote.
Ukitaka kumwambia jambo, zunguka kwanza.

Nikazunguka. Nikamweleza habari za ubao,
za mto unaopita chini ya uwanja ukienda ziwani,
za bata wanaookota marisau wakidhani ni changarawe
ya kusagia chakula, kisha shingo zinalegea.
Heroe nao, wanasema, ingawa hilo sikulishuhudia.
Baba akakoroga chai isiyo na sukari.
"Sisi wa shimoni tulilila vumbi lile," akasema.
"Hatukuandikiwa ubao."

Jumamosi tukaenda wote wawili.
Nikatia katriji moja, nyepesi, kasiba ya kulia.
Ya kushoto nikaiacha tupu.
Vuta!
Kisahani cha kwanza kikapasuka, vumbi la rangi ya machungwa.
Cha pili kikatoka. Wenzangu hapo hupiga tena;
mimi nikakisindikiza kwa mtutu mtupu
mpaka kikatua salama majanini.
Katibu Muchoki akaandika: moja kwa mbili.
Moja kwa mbili. Moja kwa mbili. Hivyo mpaka saa sita.

"Mbona inasema upande mmoja?" baba akauliza kutoka kitini.
Nikazunguka, nikamjibu sikioni:
"Imekufuata wewe."
Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Walipoondoka nikatoa sumaku ya spika ya redio mbovu,
nikaifunga kamba, nikaiburuta nyasini.
Chuma kikaja chenyewe, kikaning'inia kama siafu kwenye mfupa.
Nikajaza nusu kopo.
Kisha nikapiga magoti, nikachimbua kwa kidole:
chini ya chuma cha leo, ile ya zamani,
ya kijivu, laini, mingine imebondeka
kama maharagwe yaliyokanyagwa,
ya miaka ya baba, ya kabla ya baba.
Nikaishushia sumaku. Haikutikisika.

Baba alikuwa ameinama kando yangu, upande wake mzuri.
"Hiyo," akasema, "haitoki kwa kuitwa."