Na Katikati?

Nilinunua parseli njia ya Kasenga,
nikachomeka bango: USIINGIE, INA MWENYEWE,
nikarudi Katuba kulala.

Miaka sita. Nyasi hazikuniomba ruhusa.
Zilifika kifuani, zikafunika shimo
la mfyatua matofali aliyenitangulia,
zikalitandika kama kitanda cha mgeni.

Mvua za Desemba, Mama Musonda alifuata uyoga
kwenye kichuguu changu. Bango hakulisoma;
mchwa walikwisha kulisoma wote.
Walimtoa jioni kwa kamba ya mbuzi,
mguu umegeukia upande usio wake.

Mbele ya chifu nilisema: sikumwalika.
Nikasema: shimo sikulichimba mimi.
Chifu akainyoosha karatasi yangu juu ya goti.
"Parseli ni ya nani?"
"Yangu."
"Pembe zote nne?"
"Zote."
"Na katikati?"

Nimelipa hospitali. Nimelipa msimu wake wa kulima.
Sasa kila mwezi naja na fyekeo,
najikwaa kwenye mali yangu.
Shimo nalijaza, udongo unatitia,
naongeza, unatitia.

Juzi uyoga umeota ukingoni.
Nikauchuma, nikampelekea.
Aliupokea
akiwa amekaa.