Daraja la Koksuu

Theluji ilipoyeyuka, mto ulibeba mbao tatu tu,
na hiki ni kiangazi cha nne
kondoo hawavuki.

Ng'ambo, nyasi zinafika magotini,
zinakauka zimesimama, hazijaguswa na jino.
Huku, nyuma ya shule, ardhi imeota kipara;
mbuzi wa Anarbubu wanatafuna mizizi
na vumbi lake.

Kamati imekaa mara sita.
Imepanga zamu, imechora ramani,
imekunywa maziwa ya farasi.

Jana Anarbubu aling'oa mlango wa zizi,
akaukokota hadi mtoni.
"Zizi la nini," akasema,
"na malisho yako kule?"

Mlango haukufika ng'ambo.
Ulipungua hatua mbili.

Leo alfajiri Sabyrkul kaja,
mlango wake begani.